Mawindoni Yaeda Chini: Habari za Nchi Isiyokuwa na Mipaka

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za tenzi, za lahaja za mwambao, na za maneno yaliyoingia katika lugha yetu kutoka ng'ambo. Makala haya yaingia bara, mbali na bahari, katika bonde ambalo wenyeji wake wa zamani hawakuzaliwa na Kiswahili, walakini Kiswahili ndicho kilichotumika kuamulia mambo ya ardhi yao. Nakusudia kueleza jinsi mahali pema pa kuwinda palivyotambulikana katika nchi ya Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, na jinsi ujuzi huo ulivyogongana na desturi ya watu wengine ya kuitambua nchi kwa mipaka yake. Jambo hili ni la historia, lakini ni la lugha pia. Maana sehemu ya mgongano huo ilitokea ndani ya maneno. Neno moja lilikuwa na maana yake kwa aliyelisema, na maana nyingine kwa aliyelisikia, na waliopata hasara ni wale ambao maana yao haikuandikwa.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Mtu ashukaye kutoka nyanda za juu za Mbulu, penye mashamba na ng'ombe wa Wairaqw, huona chini yake bonde refu, na katikati yake uwanda mpana ambao hujaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hapo ndipo Yaeda, na neno "chini" katika jina hilo ni la Kiswahili, nalo laeleza nchi ilivyo. Upande wa magharibi wa bonde viko vilima vya Kidero, vyenye mawe na miti ya miiba na mibuyu. Na ng'ambo ya vilima hivyo liko ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi. Kusini mtu huona mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mvua hunyesha aghalabu kati ya Novemba na Mei, nayo ni haba, kiasi cha milimita 300 hadi 600 kwa mwaka. Kisha hufuata miezi mingi mikavu. Katika vitabu vya zamani msomaji atakuta nchi hii imeandikwa kuwa ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002.

Nchi ya namna hii Kiswahili chaipa majina kadha wa kadha. Uwanda wa chini ni mbuga. Vichaka vikavu vya miiba ni nyika. Palipo na miti iliyosongana ni msitu au mwitu. Na yote kwa pamoja, ikiwa hapana mashamba wala nyumba, huitwa pori. Katika majina haya, matatu ya kwanza yaeleza kitu kilichopo: nyasi, miiba, miti. Jina la nne laeleza zaidi kitu kisichokuwapo. Maelezo ya kawaida ya neno pori ni nchi isiyokaliwa na watu wala kulimwa. Namwomba msomaji aliweke neno hili akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Wenyeji wa zamani wa bonde hili na vilima vyake ni Wahadza. Wao wenyewe, wakiwa wengi, hujiita Hadzabe, na lugha yao huiita Hadzane. Kiswahili cha siku hizi chasema "Wahadzabe", yaani chaongeza kiambishi wa- cha wingi juu ya jina ambalo tayari limekwisha kutiwa alama ya wingi kwa desturi ya lugha yao. Lugha hiyo ina vidoko, na kwa sababu hiyo zamani wataalamu wengi waliihesabu kuwa ndugu ya lugha za kusini mwa Afrika. Lakini uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha undugu huo, na siku hizi huhesabiwa kuwa lugha ya pekee isiyokuwa na jamaa anayejulikana.

Majina ambayo wageni waliwapa watu hawa yana mafunzo yake. Wajerumani waliandika Wakindiga na Kangeju. Waingereza waliandika Watindiga. Watindiga, kwa Kiswahili, ni watu wa tindiga, yaani wa majani ya majimaji, na yasemekana kwamba jina hilo latokana na chemchemi kubwa ya Mangola, upande wa kaskazini wa nchi yao. Basi msafiri wa zamani hakuwajua watu hawa kwa mlima wala kwa mtawala wala kwa mpaka. Aliwajua kwa maji. Katika hilo hakukosea.

Habari zilizoandikwa zilianza kupatikana mwishoni mwa karne ya 19. Oscar Baumann alipita ziwa Eyasi mwaka 1892. Mwaka 1911 Erich Obst, mwanajiografia wa Kijerumani, alitoka Mkalama akakaa na Wahadza majuma kadhaa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1912. Baada yake alikuja Bwana F. J. Bagshawe, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, ambaye makala yake yalitolewa katika miaka ya 1920. Kisha Bibi Dorothea Bleek, mtaalamu wa lugha za vidoko, aliyewafikia mwaka 1930. Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi zao katika miaka ya 1930. Lakini aliyekaa nao kwa muda mrefu na kujifunza lugha yao ni Dr. James Woodburn, aliyeanza kazi yake mwaka 1958. Kwa hesabu yake, Wahadza wa upande wa mashariki wa ziwa walikuwa kama 400, wakiishi katika nchi ya zaidi ya kilometa za mraba 2,500. Kwa mtu aliyezoea hesabu za mashamba, idadi hiyo ya watu katika nchi kubwa hivyo ni sawasawa na utupu. Kwa mwindaji sivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Hebu tuitazame lugha yetu kidogo. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya uwindaji: kuwinda, kusaka, kuvizia, kuotea, kunyatia, kunyemelea, kufuata nyayo. Kina majina ya mtendaji pia, kama mwindaji, na msasi, ambalo latokana na saka kama mpishi latokavyo na pika. Lakini majina ya mahali pa kuwindia ni machache. Jina lililo la kawaida ni "mawindoni", yaani mawindo likiongezewa -ni ya mahali. Na mawindo ni kitendo cha kuwinda, na tena ni mnyama awindwaye. Kwa hiyo mawindoni si kiwanja chenye pembe nne. Ni pale ambapo kitendo na mnyama vimekutana. Shamba hubaki shamba hata mwenyewe akiwa safarini. Mawindoni, mnyama akiisha kuondoka, hapana kitu tena ila miti na mawe. Kwa kuunda neno lake hivi, Mswahili wa kale alikiri jambo ambalo sheria za baadaye zililisahau.

Basi mwindaji wa Yaeda alijuaje pa kwenda? Alama ya kwanza ni maji, na maji hubadilika kwa majira. Wakati wa mvua kila bonde dogo lina dimbwi, na mashimo ya mibuyu na ya mawe hushika maji. Wanyama hutawanyika, na watu hutawanyika vilevile katika kambi ndogo. Wakati huo hapana mahali pamoja panapopita pengine. Mwindaji hutembea peke yake au pamoja na mwenziwe, uta mkononi, akitafuta kanga, pimbi, dikidiki, au swala aliyejitenga. Kiangazi kikizidi, madimbwi hukauka moja baada ya jingine, na wanyama hulazimika kurudi kwenye maji machache yaliyobaki. Hapo kambi huwa kubwa zaidi na hukaribia maji hayo, na uwindaji hugeuka tabia: badala ya mtu kumfuata mnyama, mtu humngoja mnyama.

Kungoja huku hufanywa usiku. Wawindaji hujenga maficho ya mawe na matawi karibu na maji au kando ya njia iendayo majini, wakaketi humo usiku wa mbalamwezi, kimya, upepo ukiwa usoni pao. Mwezi huhitajiwa ili mshale upate kulengwa. Usiku wa giza si wa kuwinda. Katika kiangazi usiku wa namna hiyo ndio wa ngoma ya epeme, iliyo ibada kubwa ya Wahadza. Kwa hiyo mahali pale pale penye maji ni pema au si pema kwa kufuata mwezi wa mwaka, umri wa mwandamo na upande wa upepo. Mtu aliyeonyeshwa mahali hapo mchana, wakati wa masika, hangeona sababu ya kupaita mawindo.

Alama ya pili ni chakula cha mnyama. Mbuyu ukiangusha maua au matunda yake huwaita wanyama, na nyani huujua mbuyu kama mtu aujuavyo. Mikole ikizaa, ndege na wanyama hukusanyika, na watu pia. Yafaa kukumbuka kwamba Wahadza hawakuishi kwa nyama peke yake. Dr. Woodburn alikadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa chakula chao kilitokana na mimea, yaani mizizi, matunda na mbegu za mbuyu, na sehemu iliyobaki ilikuwa nyama na asali. Mizizi na matunda yalitafutwa hasa na wanawake. Mara nyingi, basi, mahali pa kambi palichaguliwa kwa mizizi na maji, na mwindaji akaanza safari yake kutoka hapo. Habari alizoleta mwanamke, kwamba ameona nyayo mbichi alipokuwa akichimba, zilikuwa sehemu ya uwindaji kama mshale ulivyokuwa.

Alama ya tatu ni viumbe wengine. Tai wakishuka pamoja, mtu hujua kwamba pana mzoga, naye hukimbilia huko kabla fisi hawajamaliza. Sauti ya simba usiku humwonyesha mtu pa kwenda asubuhi. Wachunguzi waliokaa na Wahadza katika miaka ya 1980 waliona kwamba sehemu isiyo ndogo ya nyama kubwa ilipatikana kwa njia hiyo. Tena yuko ndege aongozaye watu kwenye asali. Yeye huita, mtu humjibu kwa mluzi, na hivyo hufuatana hadi kwenye mzinga wa porini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mtu afuataye ndege huyu hupata mizinga kwa kadiri ya zaidi ya mara tano kuliko atafutaye peke yake.

Alama ya nne ni nyayo, na hapa hapana budi kueleza habari ya sumu. Mishale ya wanyama wakubwa hupakwa sumu; moja huitwa panjube, itokayo katika utomvu wa mti mdogo wa jamii ya adeniamu, na nyingine huitwa shanjo, itokayo katika mbegu za strofanto. Sumu haiui papo hapo. Mwindaji akiisha kumpiga mnyama hamkimbizi. Humwacha, akarudi kambini, na baada ya saa kadhaa au kesho yake huenda na wenzake kuzifuata nyayo. Mnyama aliyepigwa huweza kwenda mbali sana. Uwindaji uliozuiwa na mpaka ungekuwa nusu ya uwindaji, maana mahali pa kupigia na mahali pa kufia si pamoja. Nalo ni jambo la kupima kwa hesabu: mwindaji wa miaka ile ya 1980 alipata mnyama mkubwa kama mara moja katika siku 30 za kuwinda. Aliyenyimwa nafasi ya kumfuata mnyama huyo mmoja alinyimwa nyama ya mwezi mzima, yeye na kambi yake, kwa kuwa nyama kubwa hugawanywa kwa wote.

Ili kuona jinsi jambo hili linavyotofautiana na mahali pengine, tulinganishe na uwindaji wa mbwa. Msasi wa Unguja huingia msituni na mbwa wake, hasa kuwafukuza nguruwe mwitu waharibuo mashamba. Yeye huanza penye shamba lililoharibiwa. Kutoka hapo pua ya mbwa humwongoza. Kadhalika huko Marekani, katika nchi tambarare za nyasi, wako watu wawindao rakuni usiku kwa mbwa wa kunusa. Nao hutafuta kwanza vijito vyenye miti kando yake, na mashamba ya mahindi yaliyo karibu, kwa kuwa mnyama huyo hupenda maji na hupanda mtini akifukuzwa. Na kwa vile nchi yao imekatwakatwa kwa mipaka, kazi yao nyingine ni kuomba ruhusa ya mwenye shamba. Wahadza wa zamani hawakuwinda kwa mbwa. Mbwa wanaoonekana katika baadhi ya kambi siku hizi wameingia kutoka kwa majirani. Mbwa wa Mhadza yalikuwa macho yake, na mwenye shamba hakuwako. Lakini kanuni ya kwanza ni moja kotekote: katika nchi ya nyasi na ukavu, atafutaye mnyama hutafuta kwanza maji na miti, wala si ukubwa wa eneo.

Wengine waweza kudhani kwamba kutembea huko ni kubahatisha tu. Sivyo. Mwaka 2014 wataalamu waliotumia vyombo vya kupimia mwendo walieleza kwamba karibu nusu ya safari za Wahadza zilikuwa na taratibu moja: hatua nyingi fupi mahali pamoja, kisha safari ndefu moja kwenda mahali pengine, kisha tena hatua fupi. Taratibu hiyo huonekana pia kwa wanyama na ndege watafutao chakula kilichotawanyika. Yaani nchi yote ilikuwa ikitumika, ila haikutumika yote kwa siku moja. Mahali palipoachwa mwaka huu si mahali palipotupwa.

Lugha ya Hadzane yenyewe yaonyesha jinsi mawindo yalivyokuwa habari ya watu wote. Wanyama wakubwa wana jina la kawaida, na tena wana tamko la pekee linalotumiwa kutangaza kwamba mnyama ameuawa. Punda milia ni dongoko. Lakini mwindaji atangazaye kifo chake husema hantayii. Twiga ni zzokwanako, na tamko lake ni hawayii. Swala pala ni phophoko, na tamko lake ni dlunkuwii. Matamko haya yana umbo la amri, kama kwamba kambi yaamriwa kuondoka na kuifuata nyama ilipo. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa mara nyingi: mnyama akiwa mkubwa na mbali, kambi nzima ilihama ikaenda kukaa kwenye nyama. Kwa hiyo si kambi peke yake iliyoamua mahali pa kuwinda. Mawindo nayo yaliamua mahali pa kambi.

Ama kuhusu haki juu ya nchi, Dr. Woodburn aliandika mwaka 1968 jambo ambalo limenukuliwa mara nyingi tangu hapo. Wahadza walikuwa na majina ya sehemu za nchi yao, kama Mangola, Sipunga, Tliika na Dunduiya, na mtu aliweza kutajwa kwa sehemu aliyoizoea. Lakini sehemu hizo hazikuwa na mipaka iliyowekwa, wala hapakuwa na mtu au ukoo uliodai kuwa na mamlaka juu yake. Mhadza yeyote aliweza kukaa, kuwinda, kuchimba na kunywa maji popote. Wala desturi hiyo haikutokana na ujinga wa kugawanya nchi. Palipo na mvua ya kubahatisha, aliyejifungia katika kipande chake angekufa kwa njaa mwaka ambao mvua imekiruka kipande hicho. Kutokuwa na mpaka kulikuwa ndiyo akiba yao.

Na hapo ndipo pia palipokuwa na udhaifu wao, majirani wenye ng'ombe na majembe walipowajia. Kwa muda mrefu mbung'o walisaidia kuwazuia wafugaji wasiingie katika vichaka. Vichaka vilipofyekwa na mbung'o kupungua, Wadatoga walishuka na ng'ombe wao wakafuata maji yale yale ambayo wanyama wa porini waliyafuata. Ng'ombe wakinywa mchana na kulala karibu, pundamilia hawaji usiku. Kisima hakikuibiwa, bado kiko. Lakini mawindo yameondoka. Wairaqw walishuka kulima pembezoni mwa bonde, na huko Mangola, penye chemchemi ile iliyowapa Watindiga jina lao, wakulima wa kutoka pande nyingi walistawisha mashamba ya vitunguu ambayo yanajulikana mpaka leo. Kila mgeni alichukua sehemu ndogo tu ya nchi. Lakini sehemu hiyo ilikuwa ya maji, na nchi iliyobaki, hata ikiwa kubwa, ilikuwa imeondolewa kiini chake.

Mhadza hakuwa na neno la kumwambia mgeni "huu ni mpaka wangu", kwa kuwa hakuwa na mpaka. Na alipojifunza Kiswahili ili aseme na mgeni, lugha ilimpa neno pori. Yeye hulitumia kwa fahari: mtu wa porini, kwake, ni mtu aliye kwao. Lakini msikilizaji wake, akiwa mkulima au karani, husikia kwamba nchi hiyo haina watu. Mmoja ataja nyumba yake, na mwingine asikia kiwanja kitupu. Sidhani kwamba katika historia ya lugha yetu liko neno jingine la kawaida ambalo maana zake mbili zimemgharimu msemaji wake kiasi hicho.

Serikali nazo, moja baada ya nyingine, zilisikia maana ile ya pili. Waingereza walijaribu zaidi ya mara moja kuwakusanya Wahadza mahali pamoja ili walime. Baada ya uhuru, mwaka 1964 na 1965, jaribio kubwa zaidi lilifanywa papo hapo Yaeda Chini. Watu waliletwa, wakapewa chakula cha kuanzia, wakaambiwa wajenge na kulima. Nia ilikuwa njema: serikali changa iliwatakia raia wake wote shule, dawa na chakula cha hakika. Lakini watu waliozoea kambi ndogo zilizohama walijikuta wengi pamoja mahali pamoja, na maradhi yakaenea. Wengi wakafa, na waliobaki wengi wakarudi vilimani baada ya muda si mrefu. Majaribio mengine yalifuata katika miaka ya 1970, wakati wa kuanzishwa kwa vijiji. Hata hivyo yafaa kusema kwamba vijiji hivyo viliacha kitu kimoja chenye faida. Kijiji cha Mongo wa Mono kilipokuwa kijiji kwa mujibu wa sheria, Wahadza walipata kwa mara ya kwanza jina ambalo ofisi inalitambua.

Faida ya jina hilo ilionekana baadaye. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji wa kitalii, yenye uhusiano na watu wakuu wa Falme za Kiarabu, ilipewa nafasi ya kuwinda katika bonde hilo. Wahadza na watetezi wao walipinga, habari zikaenea hata nchi za nje, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni ikajiondoa. Ingawa ushindi ulipatikana, jambo moja lilidhihirika: nchi ile ile iliyoonekana kuwa haina mawindo ya mtu, ghafula ilikuwa na mawindo ya thamani alipotokea mgeni wa kuyalipia.

Kisha, mwaka 2011, kwa kuifuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Wahadza wa Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila kwa jamii yao nzima, juu ya hekta zaidi ya 20,000. Jambo la kutazamwa ni kwamba hati hiyo haikumpa mtu mmoja mmoja kipande chake. Iliitambua nchi kuwa ya wote, kwa matumizi ya wote. Tangu wakati huo misitu ya bonde imeingia pia katika mpango wa biashara ya hewa ya ukaa, ambao huleta fedha kwa sababu miti haikatwi. Wahadza kwa jumla hukadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,300, na wale waishio hasa kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali ni mia mbili au tatu tu.

Basi watu waliokuwa hawana mpaka wamelazimika kuwa na mpaka ili wapate kuishi kama watu wasiokuwa na mpaka. Sisemi hili kwa kuilaumu hati hiyo; bila hiyo yumkini bonde lingekwisha kugawanywa. Lakini ramani haiwezi kuonyesha mawindoni. Yaweza kuonyesha hekta, vilima na mito. Haiwezi kuonyesha kwamba dimbwi fulani ni la Septemba na si la Machi, wala kwamba twiga aliyepigwa ndani ya mstari aweza kufia nje yake. Ulinzi wa nchi hii, ukitegemea mstari peke yake na kuyaacha maji nje ya hesabu, utakuwa umelinda jina la mawindo na kuyapoteza mawindo yenyewe.

Kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, iko kazi ndogo iliyo wazi. Atungaye kamusi akifikia neno pori, asitosheke kuandika kwamba ni nchi isiyokaliwa na watu. Aongeze maana ya pili, ile ya wasemaji wanaokaa humo: nchi ya kuwinda, ya kuchimba na ya kurina asali, ikaliwayo kwa kuhamahama. Maana hiyo husemwa kwa Kiswahili kila siku katika vilima vya Kidero, na lugha ambayo imewahi kuiita nchi ya watu kuwa tupu yawiwa angalau kuandika maana hiyo katika vitabu vyake.